Kiharusi cha mshipa kuziba: mwongozo kamili wa matibabu hospitalini, kuanzia getini hadi siku ya kurudi nyumbani

Ukimfikisha kwenye mlango wa dharura mtu aliyepinda mdomo, mkono umelegea na maneno hayatoki, uwe na jibu la swali moja tayari: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Saa mliyomkuta sakafuni ni habari nyingine. Kama alikwenda kulala saa 4 usiku akicheka na wajukuu, na saa 12 asubuhi ameamka upande wa kulia haufanyi kazi, hesabu ya daktari inaanza saa 4 usiku. Saa nane zimeshakwisha kabla motari hajawasha pikipiki yake.

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuna mtego nimeuona zaidi ya mara moja. Familia inasema "saa mbili", mtu wa zamu anayeandika kwa Kifaransa anaandika 2h. Mgonjwa aliyeanguka asubuhi anageuka kwenye karatasi kuwa mgonjwa wa usiku wa manane, na dawa ambayo angestahili anaikosa kwa kosa la kalamu. Sema saa mbili ya asubuhi, kisha ongeza: 8h. Mwangalie akiandika.

Mimi ni muuguzi wa wadi ya tiba ya ndani. Haya nayaandika kwa yule anayepigiwa simu na shangazi yake usiku, na kwa muuguzi mwenzangu kijana aliyeachwa peke yake zamu ya usiku na vitanda ishirini. Nazungumzia kiharusi cha mshipa kuziba: bonge la damu, liwe limeganda palepale kwenye mshipa uliochakaa au limesafiri kutoka moyoni, linakwama na kuikatia damu sehemu ya ubongo. Ulaya aina hii ni kama 85 katika kila viharusi 100. Afrika ile aina nyingine, ya mshipa kupasuka na damu kuvuja, ina fungu kubwa zaidi. Kwa hiyo asije mtu akakwambia ni ipi kwa kumtazama mgonjwa usoni tu.

Wengi wanaamini kiharusi kinatibiwa kwa sindano moja ya bei kubwa ambayo sisi huku hatuna. Sindano ipo, nitaieleza. Lakini niliowaona wakipotea, wengi walipotezwa na vitu vya bei ndogo: kijiko cha uji, kidonge cha tansio (presha ya damu) chini ya ulimi, chupa ya seromu (dripu) ya sukari.

Kabla ya geti

Kutoka juu Kadutu au vichochoro vya Cimpunda gari haliingii, na wagonjwa wengi wanafika kwa pikipiki, wamebanwa katikati ya motari na kijana wa nyumbani, kichwa kinayumba kila kona. Mtu ambaye koo lake limelegea akitapika katika hali hiyo, matapishi yanaingia mapafuni. Afadhali vijana wanne wamteremshe na blanketi au ubao wa mlango hadi barabarani, alazwe ubavu kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Dakika mnazopoteza kushuka ngazi mtazipata kwa kuwa amefika akipumua vizuri.

Njiani asipewe kitu mdomoni. Hata maji. Hata aspirini, maana bado hamjui kama kichwani kuna damu inayovuja. Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu ukisema mgonjwa atobolewe vidole vyote kumi kwa sindano mpaka damu itoke. Nimepokea wagonjwa wenye vidole vilivyotobolewa, na kitu pekee walichopata ni kuchelewa.

Tia kwenye mfuko dawa zote anazokunywa, na pakiti zake hata kama ni tupu. Kama anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, kama amepasuliwa wiki hizi, kama ana mimba au amejifungua juzi, kama ni mgonjwa wa SS (selimundu), hayo yasemwe mlangoni bila kungoja kuulizwa. Na aliyemwona akianguka aje mwenyewe. Akishindwa kuja, simu yake iwe imewashwa.

Dakika kumi za kwanza

Kazi ya kwanza ni kuangalia kama anapumua, kama njia ya hewa ni safi, kama moyo unapiga sawasawa. Kisha kipimo cha sukari cha kidoleni, na hiki hakisubiri daktari. Sukari iliyoshuka chini ya miligramu 60 kwa desilita inaweza kumpooza mtu upande mmoja na kumfunga mdomo, mfano kamili wa kiharusi. Kwa mgonjwa wa kisukari aliyechoma insulini bila kula, sirinji ya glukozi inaweza kuumaliza ugonjwa wote pale pale. Muuguzi mwenzangu, ukisahau mengine yote ya ukurasa huu, usisahau kidole.

Baada ya hapo tansio kwenye mikono yote miwili, joto, oksijeni. Oksijeni ya mtungi inahitajika pale kipimo kinapokuwa chini ya asilimia 94; aliye juu ya hapo hafaidiki nayo, na mtungi huo kuna mtoto anauhitaji chumba cha pili. Mstari wa seromu uwekwe kwenye mkono mzima. Kipimo cha malaria kifanyike, kwa kuwa malaria ya kichwa na degedege vinaweza kujifanya kiharusi. Daktari atampima kwa jedwali linaloitwa NIHSS: macho yanafuata kidole, uso unalingana, mkono unabaki juu kwa sekunde kumi, anataja vitu vilivyo kwenye picha. Alama zinaanza 0, aliye mzima, hadi 42. Omba namba hiyo uiandike. Kesho ukiambiwa "anaendelea vizuri", utakuwa na kitu cha kulinganisha.

Na uzito. Kitanda chenye mizani huku ni anasa, kwa hiyo tutakuuliza wewe. Usimpambe mzee kwa kilo za enzi zake.

Skana

Picha ya kichwa ndiyo inayoamua njia. Ndani ya skana damu mbichi iliyovuja inaonekana nyeupe mara moja. Mshipa ulioziba, saa za mwanzo, mara nyingi hauonyeshi chochote. Hapo ndipo familia nyingi zinapopotea: zinaambiwa "skana ni safi", zinamrudisha mzee nyumbani zikimshukuru Mungu. Skana safi kwa mtu aliyepooza ghafla ina maana moja, kwamba hakuna damu iliyovuja, na kwa hiyo inaelekea mshipa umeziba. Ni mwanzo wa matibabu.

Hospitali zilizojipanga zinajaribu kuipata picha ndani ya dakika 20 au 25 tangu mgonjwa aingie. Huku kwetu umeme unaweza kuwa umekatika, mashine inaweza kuwa imelala, au pesa inatafutwa kwa simu kwa mjomba aliye machimboni. Uliza mapema maneno haya matatu: skana iko hapa? Inafanya kazi leo? Ni kiasi gani? Kama jibu la kwanza au la pili ni hapana, uamuzi wa kumhamisha ufanyike saa hiyo hiyo, kabla hajapangiwa kitanda. Mgonjwa akishapewa kitanda, mashuka yakatandikwa na mabinamu wakaja kusalimia, hakuna tena anayemwondoa.

Sindano ya kuyeyusha bonge

Dawa yenyewe inaitwa alteplasi. Utafiti wa Marekani wa 1995 ulionyesha kwamba aliyeipata ndani ya saa 3 alikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa angalau asilimia 30, ya kubaki bila ulemavu au na ulemavu mdogo tu baada ya miezi mitatu. Utafiti wa Ulaya wa 2008 ulisogeza mpaka hadi saa 4 na nusu. Tangu 2019 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haraka yote hii ina sababu: kwa hesabu iliyochapishwa 2006, mshipa mkubwa ukiziba ubongo unapoteza seli milioni 1.9 kila dakika.

Dozi ni miligramu 0.9 kwa kila kilo ya uzito, isizidi miligramu 90 hata mtu awe mzito vipi. Asilimia 10 inasukumwa kwa dakika moja, iliyobaki inapita taratibu kwa saa nzima. Mama wa kilo 62 atapata miligramu 55.8: zile 5.6 kwanza, kisha 50.2 kwenye pampu. Ndugu yake mpya, tenekteplasi, anasukumwa mara moja tu, miligramu 0.25 kwa kilo na mwisho wake 25, jambo linalorahisisha kazi pasipokuwa na pampu.

Kabla ya sindano tansio lazima iwe chini ya 185/110. Haichomwi kamwe bila skana. Haipewi mwenye damu kichwani, aliyepasuliwa upasuaji mkubwa au kuumia kichwa hivi karibuni, wala aliye kwenye dawa kali za kuzuia kuganda. Ina hatari yake na familia ina haki ya kuijua: katika ule utafiti wa 1995, wagonjwa 6 kati ya 100 waliochomwa walivuja damu kichwani kiasi cha kuzidiwa, na kwa wasiochomwa ni chini ya 1.

Ikishaingia, muuguzi habanduki. Tansio na hali ya mgonjwa vinaangaliwa kila dakika 15 kwa saa 2, kila dakika 30 kwa saa 6, kisha kila saa hadi zitimie 24. Tansio ibaki chini ya 180/105. Wewe uliyekaa kando ya kitanda una kazi pia: akilalamika ghafla kichwa kinauma sana, akatapika, au usingizi wake ukabadilika, piga kelele. Dawa inasimamishwa, anarudi kwenye skana. Kwa anayekunywa dawa za tansio za aina ya kaptopili, tazama midomo na ulimi. Vikianza kuvimba, ita mtu mbio. Aspirini inangoja saa 24 na skana nyingine.

Kuna pia njia ya kuingiza mrija kutoka kwenye paja hadi kichwani na kulivuta bonge lenyewe. Tafiti tano za 2015 ziliithibitisha, na tangu 2018 inafanywa hadi saa 24 kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha maalumu. Inahitaji timu na mashine za aina yake. Sitaikalia hapa.

Nikisema ukweli wote, familia nyingi za huku hazitaiona sindano wala mrija, ama kwa sababu dawa haipo, ama kwa sababu saa zimepita. Msianze kuzunguka maduka ya dawa usiku kuitafuta. Kaeni na mgonjwa, maana sehemu inayofuata ndiyo yenu.

Tansio iliyo juu: acheni kwanza

Mgonjwa amefika na 190/100. Ndugu wanapiga kelele kwamba tansio ndiyo inayomuua, na kuna mtu, wakati mwingine amevaa koti jeupe, anatoboa kidonge laini cha nifedipini na kukikamulia chini ya ulimi. Nusu saa baadaye tansio ni 120, kila mtu anapumua, na mkono uliokuwa ukisogea kidogo sasa umekufa kabisa.

Fikirini bomba la maji la mtaani. Mlio bondeni mnapata maji hata presha ikiwa ndogo. Nyumba za juu mlimani zinapata tu presha ikiwa kubwa. Sehemu ya ubongo inayozunguka eneo lililokufa ni hizo nyumba za juu: haijafa, imezimia, inapata damu kidogo kupitia vinjia vya pembeni, na mwili umepandisha tansio kwa makusudi ili kuifikia. Ukiishusha kwa pupa umezifungia nyumba za juu maji.

Kwa hiyo, kwa mgonjwa wa mshipa kuziba ambaye hakuchomwa sindano, tansio inaachwa hadi 220/120. Ikivuka hapo, inashushwa polepole, kama asilimia 15 kwa siku nzima ya kwanza, kwa dawa ya mshipani inayoweza kupunguzwa dakika yoyote. Isipokuwa kama kuna dharura nyingine pamoja nayo, mfano moyo unaoshindwa kazi, au kifafa cha mimba. Vidonge vya kawaida vya nyumbani vinarudishwa baada ya siku moja au mbili akishatulia. Sijui neno lililo gumu zaidi kumwambia mtoto wa mgonjwa kuliko "tunaiacha". Lakini tunaiacha.

Kumeza

Hapa nitakaa kidogo.

Baba mkubwa alilazwa kwenye hospitali nyingine ya mji, si ninakofanyia kazi. Skana haikuonyesha damu, alipewa aspirini, na jioni alianza kutaja majina ya watoto wake mmoja mmoja. Nilikuwa pale kama ndugu, kitenge kiunoni, bila koti. Shangazi akaingia na termosi ya uji wa masosoma. Alimwinua kidogo kwa mto, akampulizia kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Vilipita. Baada ya cha nne baba mkubwa alisema "asante, dada", na sauti ilitoka ikiwa na maji ndani yake, kama mtu anayeongea huku anasukutua. Hakukohoa hata mara moja. Niliisikia sauti ile na nikajua. Nikanyamaza, maana ni utovu wa adabu kumnyang'anya shangazi kijiko mbele ya wakubwa. Siku ya tatu homa ilikuwa 39 na mbavu zinapanda na kushuka. Siku ya tisa tulimzika. Kwenye karatasi waliandika kiharusi.

Koo linaweza kupooza kama mkono unavyopooza, ila halionekani. Na kwa wengi mwili hauna hata nguvu ya kukohoa pale chakula kinapoingia njia ya hewa, kinaingia kimya. Kwa hiyo sheria ni hii: hakuna kinachopita mdomoni, chakula, maji, wala dawa, kabla ya jaribio la kumeza kufanywa na kuandikwa.

Jaribio lenyewe halihitaji mashine. Mgonjwa awe macho kabisa, anaweza kufuata neno. Anakalishwa wima, mgongo umeegemezwa, kidevu kimeinama kidogo. Mwombe akohoe kwa makusudi na aseme "aaa", usikilize sauti yake kabla. Mpe maji kijiko kimoja cha chai, weka vidole viwili juu ya koo uhisi likipanda na kushuka. Ngoja. Mwambie aseme "aaa" tena. Rudia hadi vijiko vitatu. Kama hakuna kikohozi, hakuna maji yanayomwagika pembeni mwa mdomo, hakuna kuhema, na sauti haijabadilika, mpe glasi ya mililita 50 anywe mwenyewe taratibu. Dalili moja tu kati ya hizo ikitokea, simama hapo. Andika kwa herufi kubwa juu ya kitanda, kwa lugha ambayo bibi zake wanaisoma: ASIPEWE KITU MDOMONI. Jaribio lirudiwe kila siku, kwa sababu koo hurudi, na mara nyingi hurudi mapema.

Aliyeshindwa analishwa kwa sonda inayopita puani, na dawa zake zinasagwa zipite humo humo. Familia nyingi huichukia sonda kama ishara ya kukata tamaa. Waelezeni kwamba ni daraja la siku kadhaa. Na uji wa shangazi haujakataliwa: ukiwa laini na umechujwa vizuri unaweza kupita kwenye sonda, muuguzi akiwa ameinua kichwa cha kitanda na kuhakiki kwanza kwamba mrija uko tumboni. Mdomo usafishwe hata kama hapewi chakula, asubuhi na jioni, kwa kitambaa chenye maji kidogo. Uchafu wa meno unaoteleza mapafuni unaleta nimonia ile ile.

Faida ya haya imepimwa. Mwaka 2011 Australia walichapisha utafiti wa wadi 19 za kiharusi, ambapo baadhi ya wauguzi walifundishwa mambo matatu tu: homa, sukari na kumeza. Katika wadi zao, waliokufa au kubaki wakitegemea watu baada ya siku 90 walikuwa 42 kwa 100. Katika wadi nyingine, 58. Hakuna dawa mpya iliyoongezwa.

Homa na sukari

Joto linapimwa kila saa nne siku tatu za kwanza. Likivuka 37.5 anapata parasetamoli, na wakati huo huo tunatafuta chanzo: mapafu, mkojo, malaria, mahali palipochomwa seromu.

Sukari ya damu tunaitaka kati ya miligramu 140 na 180. Ikipanda sana ubongo ulioumia unaumia zaidi. Hivyo seromu ya glukozi haitundikwi kwa mazoea. Inatundikwa ya chumvi, ile ya asilimia 0.9, isipokuwa sukari imeshuka kweli. Nawajua ndugu wanaoomba "muwekee chupa ya nguvu". Chupa ya nguvu hapa ni ya kumdhoofisha.

Aspirini na wenzake

Skana ikishaondoa damu, na sindano haikutumika, aspirini inaanza haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 48 za kwanza: miligramu 160 hadi 300 dozi ya kwanza, kisha ndogo kila siku. Aliyeshindwa kumeza anaipata kwa sonda au kwa njia ya haja kubwa. Tafiti mbili kubwa za 1997, zenye wagonjwa kama 40,000 kwa jumla, zilionyesha inaokoa takriban watu 10 katika kila 1,000 wasife au wasibaki tegemezi. Kumi katika elfu ni wachache, nakubali. Ila kidonge ni cha bei ya ndizi.

Kwa kiharusi kidogo, alama 3 za NIHSS au chini ya hapo, au kile kilichokuja na kupita chenyewe, daktari anaweza kuongeza klopidogreli, nayo ya kuzuia bonge kama aspirini, vidonge viwili pamoja kwa siku 21, kisha kimoja kinaachwa. Muhimu ni kukumbuka kukiacha. Nimekutana na watu wanaokunywa vyote viwili mwaka wa pili, tumbo linavuja damu. Atorvastatini ya kushusha mafuta nayo huanza humu wadini.

Sasa pesa. Ordonansi (karatasi za dawa) nyingi za huku zina pirasetamu au sitikolini, "vitamini za ubongo", na familia inauza mbuzi kuzinunua. Tafiti kubwa zilizifanyia majaribio katika kiharusi cha ghafla na hazikuona faida. Heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, ya dozi kubwa kwa kila mgonjwa siku ya kwanza nayo haisaidii, inazidisha kuvuja. Muulize daktari kwa heshima: "Dokta, katika hizi, ipi nikikosa pesa nisiiache?" Daktari mzuri atakuwekea alama kwa kalamu.

Siku ya pili hadi ya saba

Mgeuzeni kila saa mbili, mchana na usiku, ili ngozi ya makalio na visigino isife. Mkono uliolegea uwekwe juu ya mto. Msimvute kwa mkono huo mnapomwinua, bega linachomoka kwa urahisi wa ajabu. Siku ya kwanza apumzike. Kuanzia siku ya pili akalishwe mara chache kwa muda mfupi. Utafiti wa 2015 ulionyesha kwamba kumlazimisha mtu kusimama na kutembea sana ndani ya saa 24 za kwanza kunamharibia. Miguu iangaliwe: mmoja ukivimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, damu inaweza kuwa imeganda humo. Heparini ya dozi ndogo ya kuzuia hilo ni uamuzi wa daktari.

Kati ya siku ya pili na ya tano ubongo ulioumia sana unavimba. Aliyekuwa anaongea anasinzia, anatapika, mboni moja inakuwa kubwa kuliko nyingine. Msiseme "mwacheni alale". Iteni. Kwa aliye chini ya miaka 60, kufungua fuvu ndani ya saa 48 kunaweza kuokoa maisha pale palipo na daktari wa upasuaji wa ubongo, na kwa hiyo mazungumzo ya kuhamishwa yafanyike kabla ya mboni kutanuka.

Wakati huo huo chanzo kinatafutwa. Kipimo cha umeme wa moyo kinaweza kuonyesha mapigo yasiyo na mpangilio, na hapo aspirini pekee haitoshi, itahitajika dawa ya kuzuia kuganda, kwa tarehe itakayopangwa kulingana na ukubwa wa kiharusi. Mgonjwa akiwa kijana tunapima VVU na kaswende. Na mtoto wa SS aliyepooza upande mmoja hatibiwi kwa mwongozo huu: anahitaji kubadilishiwa damu haraka.

Siku ya kutoka

Nyumbani tansio inatafutwa chini ya 130/80, polepole, kwa vidonge vya kila siku ambavyo haviachwi siku anayojisikia vizuri. Mazoezi ya viungo yanaanza wiki hiyo hiyo. Kama fizio ni mbali, mwombeni mtaalamu awafundishe harakati tano na mzirekodi kwenye simu.

Msiondoke bila karatasi yenye vitu hivi: saa na tarehe kiharusi kilipoanza, alama za NIHSS za kuingia na za kutoka, matokeo ya jaribio la kumeza, majina ya dawa na siku ya kuacha ile ya siku 21. Ombeni pia filamu ya skana. Ni mali yenu, mmeilipia. Ikiwekwa juu ya kabati karibu na mabati yanayovuja haitasomeka tena baada ya mvua moja ya Novemba. Itieni kwenye mfuko wa plastiki, ilazeni chini ya godoro ikiwa imenyooka, na mtu mwingine nyumbani ajue ilipo.